Magnesiamu, Beseni na Kisigino Kinachouma

Asubuhi za milimani Tarime zina baridi. Mama anayelima ulezi na migomba upande wa Nyamwaga anashuka kitandani, anakanyaga sakafu, na hatua ya kwanza inamchoma kisigino hadi anashika ukuta. Akishatembea hadi jikoni maumivu yanalegea. Anateka maji, anakwenda shambani, na jioni akikaa kidogo kisha akainuka, yanarudi pale pale. Mlinzi wa Nyamongo anayemaliza zamu nzima amesimama juu ya zege anaijua hali hiyo. Wanaijua pia mwalimu wa Mugumu, muuza ndizi wa mpakani Sirari, na mchunga ng'ombe anayeswaga mifugo kwenda mnadani kwa miguu.

Wengi wao siku hizi wameshasikia habari za magnesiamu ya kupaka. Ndugu aliyeko Mwanza au Dar es Salaam ametuma ujumbe, au kuna aliyeleta pakiti ya chumvi nyeupe kutoka Nairobi akisema ukiloweka miguu tu, kisigino kinapona. Zipo pia chupa za kupuliza zinazoitwa mafuta ya magnesiamu, na losheni za kusugua kabla ya kulala.

Jibu la haraka kwa asiye na muda wa kusoma hadi mwisho ni hili. Kwa mtu mwenye ngozi isiyo na vidonda na figo zinazofanya kazi, magnesiamu ya kupaka haina hatari kubwa, na beseni la jioni linaweza kumpa nafuu ya kweli ya saa chache. Lakini haijathibitishwa kuponya kisigino. Anayeitegemea peke yake atamaliza pakiti, na maumivu atabaki nayo.

Kwanza ujue kinachouma

Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika hadi kwenye vidole. Ndio unaolishikilia tao la unyayo, kama uzi unavyoshikilia upinde. Kila hatua inauvuta. Ukivutwa kupita uwezo wake siku baada ya siku, unachakaa pale unaposhikana na mfupa, upande wa ndani wa kisigino. Usiku mguu ukiwa umelegea, utando nao hujikunja. Alfajiri unanyooshwa ghafla na uzito wa mwili mzima, ndiyo maana hatua ya kwanza huuma kuliko ya mia moja. Takriban mtu mmoja kati ya kumi hupatwa na tatizo hili wakati fulani wa maisha yake, hasa kati ya miaka 40 na 60.

Yanayouchosha utando huo yanajulikana: kusimama muda mrefu juu ya sakafu ngumu, uzito wa mwili, misuli ya shavu la mguu iliyokaza, viatu vya soli nyembamba, na kuongeza mwendo ghafla, kwa mfano msimu wa palizi unapoanza. Ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20 nyingine juu ya visigino, na ni nadra mtu kuulizwa habari za ndoo anapokwenda kutibiwa. Tarime ina miteremko: kuupanda mlima kunavuta shavu la mguu, kuushuka kunagonga kisigino. Upande wa Serengeti, udongo mweusi wa mbuga ukikauka kiangazi unakuwa mgumu na wenye mabonge, na anayetembea juu yake na kandambili anapokea kila pigo.

Namna ya kujipima ni rahisi. Kaa, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili bonyeza chini ya kisigino upande wa ndani. Pakiwepo mahali pamoja panapouma waziwazi, na asubuhi ndiyo yenye shida zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni huo utando.

Lakini kabla ya kufika hapo osha mguu, uutazame kwenye mwanga. Funza hawajaisha vijijini, na hupenda kisigino na pembeni mwa kucha. Mwiba wa mgunga uliokatikia ndani huweza kukaa wiki kadhaa ukiuma bila kuonekana. Magaga yaliyopasuka hadi kwenye nyama nayo huuma kila unapokanyaga. Yote hayo yana tiba yake, na hakuna hata moja linalohitaji magnesiamu. Chumvi juu ya ufa wa gaga itakuunguza tu.

Kuna pia waliopigwa picha ya eksirei wakaambiwa mfupa wa kisigino umeota mwiba, wakarudi nyumbani wakijua dawa yao ni kisu. Watu wengi sana wana mwiba huo wa mfupa na hawajawahi kuumwa kisigino. Kuonekana kwake kwenye picha si sababu ya kufanyiwa upasuaji.

Nyumbu wanaila, wajawazito wanadungwa

Mwaka 1988 mwanaikolojia Mmarekani Samuel McNaughton alichapisha katika jarida la Nature utafiti alioufanya ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Aliuliza kwa nini wanyama wala majani hujikusanya mahali fulani na kuacha mahali pengine penye majani vilevile. Alipopima nyasi alikuta kwamba pale wanapojikusanya, nyasi zina madini mengi zaidi, na yaliyojitokeza hasa ni magnesiamu, sodiamu na fosforasi. Kwa maneno mengine, magnesiamu ni miongoni mwa mambo yanayohusiana na mahali wanyama wa Serengeti wanapopenda kukaa. Na wanaipata kwa mdomo.

Wodi ya wazazi nayo ina magnesiamu. Mjamzito mwenye dalili kali za kifafa cha mimba hudungwa salfeti ya magnesiamu, kemikali ile ile iliyomo kwenye pakiti ya kulowekea miguu. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba sindano hiyo inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Angalia jinsi inavyotolewa: mshipani au kwenye msuli, kwa kipimo, mbele ya muuguzi anayehesabu pumzi. Kama ngozi ingekuwa inaipitisha kirahisi, kusingekuwa na haja ya sindano. Wajawazito wangeletewa beseni.

Ngozi kazi yake ni kuzuia. Tabaka lake la juu ni seli zilizokufa zilizoshikamanishwa na mafuta, na chembe za magnesiamu zikiwa ndani ya maji hujizungushia maji, zikawa kubwa mno kupenya. Kidogo huweza kupita kwenye vitundu vya vinyweleo na jasho, ila unyayo hauna vinyweleo kabisa, na ngozi ya kisigino ndiyo nene kuliko karibu zote mwilini. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio dogo la krimu ya magnesiamu kwa watu 25 kwa wiki mbili: kwa kundi zima, ongezeko kwenye damu halikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kitu. Mwaka huohuo wataalamu waliopitia tafiti zilizokuwepo walisema ushahidi wa magnesiamu kupita kwenye ngozi hautoshi kuipendekeza.

Mwili wa mtu mzima una gramu 25 hivi za magnesiamu, zaidi ya nusu ikiwa kwenye mifupa. Mwanamke anahitaji kama miligramu 310 hadi 320 kwa siku, mwanamume 400 hadi 420. Hapa wenyeji wa Mara wana bahati kuliko wanavyodhani. Gramu 100 za unga wa ulezi zina zaidi ya miligramu 130. Maharage, karanga, mchicha na mbegu za maboga zina nyingi pia, na mbegu za maboga zinaongoza kwa mbali, ingawa nyumba nyingi huzitupa jalalani pamoja na utumbo wa boga. Ugali wa muhogo mtupu ndio wenye upungufu. Anayetaka magnesiamu mwilini na aanzie jikoni. Hata hivyo asitarajie kisigino kipone kwa uji wa ulezi. Maumivu haya yanatokana na mvutano kwenye utando, hayatokani na njaa ya madini. Hata kwa kukaza kwa misuli usiku, ambako magnesiamu ndiko ilikopatia sifa, mapitio ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2020 yalisema vidonge vyake huenda visiwasaidie wazee kwa kiwango cha maana.

Ukitaka kuitumia, itumie hivi

Basi kwa nini watu wanaoloweka miguu husema wamepata nafuu? Kwa sababu wanaipata. Maji ya uvuguvugu yanalegeza misuli, kusugua kunatuliza maumivu, na kukaa dakika 20 bila kusimama ni dawa kwa mtu ambaye hakukaa tangu alfajiri. Ni nafuu halali, na hakuna sababu ya kumnyima mtu.

Kuna aina mbili za magnesiamu hii. Ya kwanza ni salfeti ya magnesiamu, chumvi ya Epsom, iliyopewa jina la mji wa Uingereza ambako chemchemi yake chungu ilipata umaarufu kuanzia mwaka 1618. Wazee wanaikumbuka kwa jina la chumvi ya haluli, dawa ya kufungua tumbo, na ikimezwa hiyo ndiyo kazi yake iliyothibitika. Ya pili ni kloridi ya magnesiamu, ambayo ndiyo huuzwa kama mafuta ya magnesiamu. Haina tone la mafuta: ni maji yenye chumvi hiyo nyingi, na utelezi wake ndio uliowapa wauzaji jina.

Usichanganye hizo na magadi. Magadi ni ya sodiamu, ni makali, na hukausha ngozi ikapasuka. Chumvi ya mezani haina ubaya kwenye maji ya miguu, ni rahisi, na kwa nafuu ya uvuguvugu haijulikani kama Epsom inaishinda.

Kwa beseni, weka maji ya uvuguvugu lita nne au tano, yafike juu ya kifundo cha mguu. Yapime kwa kiwiko kabla ya kutia mguu. Kiwiko kikiona moto, ongeza ya baridi. Tia nusu kikombe cha chumvi ya Epsom, koroga hadi iyeyuke, loweka dakika 15 hadi 20. Wakati mguu uko majini, kunja na kukunjua vidole. Ukitoa, suuza kwa maji safi, kausha vizuri hasa katikati ya vidole ili fangasi wasipate makao, kisha paka mafuta ya nazi au ya mgando. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Kila siku, ngozi itakauka.

Kwa ya kupaka, jaribu kwanza tone moja upande wa ndani wa mkono, ungoje hadi kesho yake. Kusipotokea vipele, pulizia unyayoni na kwenye shavu la mguu, kisha sugua kwa kidole gumba kutoka kisiginoni kuelekea vidoleni kwa dakika tano. Kuwashawasha kidogo ni kawaida. Kukizidi, osha. Baada ya dakika 20 futa kwa kitambaa chenye maji, maana huacha unga mweupe unaokera shuka na ngozi. Usipake palipochubuka, palipotolewa funza, wala mguu ulionyolewa siku hiyo.

Kuna wasiopaswa kuloweka kabisa bila kumuuliza daktari. Mwenye kisukari aliyeanza kupoteza hisia miguuni anaweza kuungua bila kujua, na lengelenge moja likawa kidonda cha miezi. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize kwanza, kwa sababu figo ndizo zinazotoa magnesiamu iliyozidi. Pakiti iwekwe mbali na watoto. Ikimezwa kwa wingi huharisha vibaya na huweza kudhuru moyo na pumzi. Na ile ya sindano iliyomo hospitalini ibaki hospitalini.

Unaponunua, soma lebo. Iandikwe ni salfeti au kloridi, iwe na tarehe ya mwisho na jina la mtengenezaji. Vipodozi, zikiwemo losheni, husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019, dawa zikiwa chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Chupa inayoahidi kuponya kisigino, mgongo, presha na usingizi kwa pamoja imeahidi mengi mno.

Kinachoponya chenyewe

Sehemu hii haiuzwi dukani. Wengi, wanane hadi tisa katika kila kumi, hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja bila kisu, na kinachowasaidia ni kuunyoosha utando na kuuimarisha.

Zoezi la kwanza linafanyika kabla ya kushuka kitandani. Weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole, vivute kuelekea kwenye ugoko hadi uhisi unyayo umekaza. Hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na ya asubuhi usiiache hata ng'ombe wakilia. Watafiti wa Marekani walilipima zoezi hili mwaka 2003 na kukuta linawasaidia wenye maumivu sugu kuliko kunyoosha shavu la mguu peke yake. Shavu nalo lisisahaulike: simama ukiegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino hakinyanyuki.

La pili ni gumu zaidi, na ndilo linaloonyesha kuleta nafuu mapema. Lilipimwa Denmark na kuchapishwa mwaka 2014 kwa wagonjwa 48. Kunja taulo au kipande cha khanga, kiweke ukingoni mwa ngazi au juu ya tofali lisiloyumba, vidole vikanyage juu yake ili viinuke. Ukiwa umeshika ukuta, jiinue kwa vidole vya mguu mmoja ukihesabu tatu, kaa juu ukihesabu mbili, shuka ukihesabu tatu. Mara 12, pumzika, hadi awamu tatu. Fanya siku moja, pumzika siku moja. Baada ya wiki mbili beba begi lenye vitabu au mawe na upunguze ziwe mara kumi, awamu nne. Baada ya wiki nyingine mbili ongeza mzigo, mara nane, awamu tano. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivi walikuwa wamewazidi wenzao walionyoosha tu. Kufikia mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamelingana, kwa hiyo asiyeweza hili gumu asikate tamaa na lile jepesi.

Kuuma kidogo wakati wa zoezi si tatizo. Kukizidi hadi kesho yake, punguza mzigo.

Mwenye friji, au jirani mwenye friji, agandishe chupa ya plastiki ya maji na kuiviringisha chini ya unyayo kwa dakika kumi jioni, soksi ikiwa mguuni. Wengi huona inafaa kuliko uvuguvugu baada ya siku ya kazi nzito.

Halafu viatu. Kandambili zilizolika kisiginoni ziishie bafuni. Katambuga za tairi ni imara na haziruhusu mwiba, ila ni ngumu. Ukibandika ndani kipande cha sponji gumu pale kisigino kinapokaa, zinakuwa kiatu kizuri cha shamba. Fundi viatu yeyote anaweza kukikata. Kwenye raba za mitumba, kunja kiatu mkononi: kikikunjika katikati ya tao kirudishe, kikikunjika karibu na vidole kichukue. Utafiti wa Australia wa mwaka 2006 ulikuta soli za ndani zilizo tayari dukani zinafanya kazi sawa na zile za kupimwa na kutengenezwa kwa bei kubwa. Anayefanya kazi mgodini au kwenye karasha haruhusiwi kuacha buti, lakini hakuna anayemzuia kuweka soli laini ndani yake. Nyumbani, usitembee peku kwenye saruji hadi kisigino kitulie.

Vidonge vya diklofenaki vimekuwa chakula kwa watu wengi. Kwa siku chache havina neno kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo. Kwa miezi, huweza kudhuru tumbo na figo. Sindano ya steroidi kisiginoni hutuliza kwa wiki chache, ila huweza kukatisha utando au kupunguza mafuta yanayokinga mfupa, basi isichomwe na mtu asiye daktari, na isifanywe mazoea.

Usingoje ikiwa

Kisigino kimevimba, kina joto na una homa. Umeruka au kuanguka, na huwezi kukanyaga. Kukibana kisigino kutoka pande zote mbili kunauma sana, jambo linaloweza kuwa ufa kwenye mfupa. Maumivu yanakuamsha usiku hata ukiwa umelala. Miguu inaungua au kufa ganzi. Ni kijana na visigino vyote vinauma pamoja na mgongo unaokaza asubuhi. Ni mwenye selimundu, ugonjwa ulio wa kawaida Kanda ya Ziwa. Mtoto wa miaka minane hadi kumi na minne anayechechemea baada ya mpira kwa kawaida ana shida ya sehemu ya mfupa inayokua, hupona kwa mapumziko, lakini aonwe.

Zahanati au kituo cha afya ndipo pa kuanzia, kisha hospitali ya wilaya, Tarime au Mugumu. Ikibidi rufaa, kuna Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere mjini Musoma na Bugando jijini Mwanza. Omba kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia. Wagonjwa wengi hawajui kwamba wanaweza kumwomba.

Miezi mitatu ya mazoezi ikipita bila nafuu yoyote, nenda hata kama hakuna dalili kati ya hizo. Ukifika, mweleze daktari maumivu yalianza lini, hatua ya kwanza ya asubuhi ikoje, unabeba nini na kusimama saa ngapi kwa siku, na kila dawa uliyotumia, pamoja na hiyo magnesiamu.